Hasira ya Nusu Mililita

Shemeji yangu alifungua mzinga saa tano na dakika kumi asubuhi, jua likiwa kali, na hakuwa na moshi. Ilikuwa Julai 2013, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Sikonge, mkoani Tabora. Mzinga wenyewe ulikuwa wa gome, umetundikwa juu ya muyombo, na mimi nilisimama hatua kumi hivi kutoka kwenye shina, nimevaa shati la mikono mifupi kama mtu aliyekwenda kutazama mpira.

Warina asali wa kule hawafanyi hivyo. Hurina giza linapoingia, au usiku kabisa, wakiwa wameshika mwenge wa magome unaofuka. Moshi huwafanya nyuki wakimbilie asali na kujishindilia matumbo, na tena hufunika harufu wanayoitiana vita. Harufu hiyo hata binadamu huisikia: inafanana na ya ndizi mbivu. Nyuki wa kwanza akishakuchoma amekutia alama, na wenzake wanakuja palepale. Niliinusa kwenye ukosi wa shati langu, nikajiuliza nani ameleta ndizi porini.

Nilichomwa mara tisa, shingoni, sikioni na mkono wa kushoto. Mwiba wa nyuki hubaki ngozini pamoja na kifuko cha sumu, na kifuko kile huendelea kusukuma hata mwenyewe akishakufa. Watu hubishana kama mwiba ukwanguliwe kwa kucha au uvutwe kwa vidole. Vyote sawa, kinachohesabiwa ni sekunde. Mimi nilipoteza kama dakika mbili nikitafuta wembe mfukoni, kwa sababu niliwahi kusoma mahali kwamba kuvuta ni vibaya.

Dalili ya kwanza ilikuwa kuwashwa viganja na nyayo, mahali ambapo hakuna nyuki aliyegusa. Kisha mabaka mekundu tumboni, midomo ikajaa, sauti ikakwaruza, tumbo likasokota. Na kabla sijajiambia neno "mzio", nikawa najua kwamba nakufa. Sisemi nilidhani. Nilijua, kama mtu anavyojua jina lake.

Vitabu vya tiba vinaiorodhesha hali hiyo pamoja na vipele na kutapika: hisia kwamba kifo kimefika, bila mgonjwa kuambiwa lolote na mtu yeyote. Mwili ulikuwa umemwaga histamini na kemikali nyinginezo, mishipa ya damu imelegea kila mahali, shinikizo limeshuka, moyo unakimbia kufidia. Taarifa hizo hupanda kwenye ubongo kupitia neva ya vagasi na uti wa mgongo, na ubongo hauzipokei kama tarakimu. Unazipokea kama hofu. Wiki tatu kabla ya safari ile nilikuwa nimesimama mbele ya darasa la wanafunzi wa uuguzi, nikiwaeleza hoja ya mwanasaikolojia William James ya mwaka 1884: kwamba hatutetemeki kwa sababu tunaogopa, bali tunaogopa kwa sababu tunatetemeka. Darasa lilicheka. Mimi pia nilikuwa naifundisha kama kituko cha kihistoria.

Shemeji alinipakia kwenye pikipiki, kilomita sita za mchanga hadi zahanati. Hapo palikuwa na kosa la pili, na wengi wetu hulifanya: mtu ambaye shinikizo lake limeporomoka hapaswi kukaa wima wala kusimama. Damu hubaki miguuni, moyo unapiga patupu, na wapo waliokufa kwa sababu tu waliinuliwa ghafla. Lakini porini, pasipo gari, ungefanyaje? Nesi alipotuona mlangoni alipiga kelele moja tu: "Mlaze, asikae!" Nikalazwa sakafuni, miguu ikawekwa juu ya kiti. Kipimo kilisoma 80 kwa 50.

Alivunja kichupa cha adrenalini, mililita 1 yenye miligramu 1, akavuta nusu yake, akanichoma pajani upande wa nje. Paja ndilo penyewe: msuli mkubwa wenye damu nyingi, dawa huingia haraka kuliko ikichomwa chini ya ngozi ya mkono. Akatundika dripu ya maji ya chumvi, kisha akanichoma Piriton, na wakati wa hiyo ya pili akaniambia kwa upole, "Utasikia usingizi kidogo, kaka. Usiogope."

Hiyo sentensi ya usingizi ndiyo iliyonifanya niandike haya.

Usingizi haukuja. Baada ya dakika kama tatu moyo ulianza kugonga hadi nikausikia masikioni. Vidole vikatetemeka. Uso ukapoa, kijasho chembamba kikatoka juu ya mdomo. Koo lilikuwa linafunguka na nilikuwa napona, jambo ambalo kwa akili nililiona, lakini halikuwa na uzito wowote. Nilijipima mapigo kwa saa ya mkononi: 31 kwa sekunde 15, yaani 124 kwa dakika. Na hapo mlangoni alisimama shemeji, anacheka.

Alikuwa anacheka kweli, mkono umeshika fremu ya mlango, mabega yanaruka. "Shemeji, umevimba midomo kama kambare!" Mashemeji hutaniana, hilo halina ugomvi. Lakini mimi hasira zilinipanda. Kiswahili kinasema zimenipanda, kama kwamba zilikuwa chini zinasubiri ngazi, na siku ile ndivyo ilivyokuwa hasa: zilianzia kifuani, zikafika shingoni, zikafika kwenye taya, ndipo zikapata maneno. Nikamwambia ni mzembe. Nikamwambia kila kitu chake ni nusunusu. Nikamkumbusha kwamba kwenye harusi ya dada yake, yaani harusi yangu, alichelewesha nyama hadi saa tisa alasiri. Harusi ilikuwa 2006! Sikuwahi kulitaja jambo hilo kwa miaka saba, na sidhani kama nilikuwa nimelikumbuka hata mara mbili. Ila mwili ukishawaka, kumbukumbu huenda ghalani na kurudi na chochote kinachofanana na moto ule.

Alinyamaza. Nesi, bila kugeuka kutoka kwenye dripu, akasema: "Kaka, hasira hizo ni za sindano. Niliyokuambia ya usingizi ni Piriton. Ile ya kwanza inakimbiza moyo na kutetemesha mikono, robo saa hivi, kisha inaisha. Mwache shemeji yako."

Nilijisikia kama mwanafunzi aliyekamatwa. Kwa sababu jaribio lile ninalijua kwa moyo. Mwaka 1962 wanasaikolojia Stanley Schachter na Jerome Singer walichapisha kazi waliyoifanya na wanafunzi wa kiume 184 wa Chuo Kikuu cha Minnesota. Waliwaambia wanajaribu vitamini iitwayo Suproxin na athari zake kwenye macho. Vitamini hiyo haikuwepo. Wengi walichomwa adrenalini, waliobaki maji ya chumvi tu. Katika waliochomwa adrenalini, kundi moja liliambiwa ukweli: mikono itatetemeka, moyo utadunda, uso utapata joto. Kundi jingine halikuambiwa kitu. Kundi la tatu lilidanganywa: miguu itakufa ganzi, mwili utawasha, kichwa kitauma kidogo. Kisha kila mmoja aliwekwa chumbani na mtu aliyepangwa. Katika vyumba vingine mtu huyo alirusha ndege za karatasi na kuzungusha hula hupu. Katika vingine alilalamika na kuchana dodoso lililojaa maswali ya matusi, la mwisho likiuliza mama yako ametembea na wanaume wangapi wasio baba yako, na majibu ya kuchagua yalianza na "wanne au pungufu". Huko kwetu swali hilo peke yake lingetosha, pasipo sindano.

Walioambiwa ukweli hawakuambukizwa sana furaha wala hasira za mwenzao. Walikuwa na maelezo ya moyo wao. Wasiojua, na waliodanganywa, walielekea kuchukua maelezo kutoka chumbani. Na mimi pale sakafuni nilikuwa nani? Niliyedanganywa, ingawa nesi hakukusudia. Niliahidiwa usingizi, nikapata moyo wa mtu anayefukuzwa na chui, na chumbani kulikuwa na kitu kimoja tu cha kulaumiwa, kinacheka mlangoni.

Nililala nikiyapanga hayo kichwani, na nikagundua kitu ambacho maelezo ya darasani huwa hayagusi. Kutetemeka hakukupungua hata kidogo baada ya nesi kusema. Mapigo niliyapima tena: bado 120. Kilichoondoka ni mwenye mali. Moyo ulidunda, lakini haukuwa tena unamdundia mtu. Daktari Gregorio Marañón wa Hispania aliliona jambo hilo mapema, mwaka 1924, alipowachoma adrenalini wagonjwa 210. Walio wengi walieleza mwili tu: moyo, mikono, baridi. Kama theluthi hivi walitaja hisia, ila kwa tahadhari: ni kama naogopa, ni kama nasubiri jambo kubwa. "Kama" hiyo ndiyo niliyokuwa nayo baada ya maneno ya nesi. Kabla yake haikuwepo.

Tusimpe Schachter zaidi ya haki yake. Mwaka 1979 wanasaikolojia wengine, Christina Maslach, na kwa upande mwingine Gary Marshall na Philip Zimbardo, walijaribu kurudia kazi ile na hawakupata alichopata yeye. Kwao, mwili ukiwaka bila sababu inayojulikana haukuwa udongo wa kufinyanga furaha au hasira upendavyo. Ulielemea upande mbaya, wasiwasi na uchungu. Hilo naliamini zaidi, kwa kuwa sioni nesi yeyote ambaye angeweza kunichekesha dakika ile.

Na shemeji je? Yeye hakuchomwa chochote. Alikuwa ameendesha kilomita sita za mchanga na mume wa dada yake amemlegea mgongoni, anakoroma. Tezi zake mwenyewe, zile zilizokaa juu ya figo, zilikuwa zimemwaga adrenalini ya kwake. Alipofika mlangoni na kuniona nafumbua macho, kitu kilekile kilichokuwa kinanidunda mimi kilitoka kwake kwa kicheko. Nilimtazama mkono alioshikia fremu. Ulikuwa unatetemeka kuliko wangu.

Nesi alikataa kuniruhusu kuondoka ingawa kufikia saa saba mchana nilikuwa nimesimama vizuri. Mzio wa namna ile unaweza kurudi saa kadhaa baadaye bila nyuki mwingine, dawa ikishakwisha mwilini, na anayerudi porini kilomita sita anaweza asifike tena. Akaweka kichupa kingine na bomba la sindano juu ya meza ambapo angevifikia usiku. Shemeji alileta uji wa ulezi, akakaa kwenye kile kiti kilichokuwa kimebeba miguu yangu.

Swali moja lilikuwa limebaki. Mchana nilimtupia pamoja na ya nyama na ya uzembe, likazama humo. Nilisubiri hadi jioni, nikajipima mapigo kwanza, 78, ndipo nikamuuliza polepole: "Shemeji, moshi ulikuwa wapi?"

Alikoroga uji kwa muda.

"Kibiriti kililowa asubuhi, tulipovuka mto," akasema. "Nikaona aibu kukuambia turudi."

Nilisikia joto linapanda tena kifuani. Hilo halikuwa la dawa.