Magunia yametimia ila mchele haupo: tulivyobana wizi stoo

Mi nasimamia stoo ya nafaka ya bosi mmoja huku Tandale, Dar es Salaam, mchele na maharage, mzigo wa mchele unashuka kutoka Mbarali, Kyela na Kahama alafu tunasambaza kwa wenye maduka. Nilivyokabidhiwa funguo kitu cha kwanza bosi kuniambia ni kamera, nitafute fundi afunge kila kona. Nikamwambia bosi subiri kwanza, maana leja inasema magunia yametimia, halijapungua hata moja, ila wateja wanapiga simu kila siku kwamba gunia la kilo 100 wakipima linasoma 97. Sasa kamera ikuonyeshe nini wakati gunia lipo?

Vijana wa stoo jibu lao lilikuwa moja tu, mchele umekauka. Na kweli mchele ukija na unyevu ukikaa unapungua uzito, hilo hakuna anayebisha, ila ukikauka si unakauka wote? Nikaazima mizani nikapima magunia ya pembeni ya rundo, yale ambayo mtu akisimama anayafikia, alafu nikaomba nishushiwe ya katikati na ya juu kabisa. Ya katikati na ya juu yako vizuri, ya pembeni ndo yamekonda. Hapo nikajua ni bambo. Bambo si mnaijua, kile kichuma chenye ncha na mfereji, mnunuzi anachoma gunia aone mchele, sasa jamaa anachoma salfeti, anakinga mfuko, mchele unatiririka, akitosheka anasugua pale kwa kucha nyuzi zinarudi, hata umulike tochi huoni tundu. Kilo mbili mpaka tatu kila gunia, kwenye magunia mia hapo umeshapigwa gunia mbili tatu na leja imenyooka kabisa.

Basi bambo zote nikakusanya ikabaki moja, inakaa ofisini, mteja akitaka kuona mzigo inatoka na mtu na inarudi na mtu. Mizani tukanunua yetu, mzigo ukiingia unapimwa, ukitoka unapimwa. Na magunia yanapangwa tano tano kila tabaka, mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita kuzunguka, kwa hiyo hesabu ni tabaka mara tano, na lazima mtu apande juu aangalie, maana wapo wanaopanga vizuri kwa nje na katikati wameacha shimo, ukihesabu toka chini unaona rundo zima kumbe ndani hewa.

Kwenye kupakia gari ndo kulikuwa na upigaji mwingine, gunia la ziada linapanda kwa makelele ya makuli na utingo. Hapo dawa yake ilikuwa vijiti. Kuli akitoka na gunia anapewa kijiti mlangoni, jioni analipwa kwa vijiti vyake. Yani gunia likitoka bila kijiti kuli kabeba bure, na hakuna kuli wa Tandale anabeba kilo 100 bure, atadai tu. Jumla ya vijiti ilingane na delivari noti, ile karatasi ya mzigo unaotoka, ndo geti linafunguliwa. Funguo nazo tukagawa, kofuli mbili, moja ya stoo kipa na nyingine ya mhasibu, mmoja peke yake haingii.

Wezi wa nje walishajaribu kabla sijaja, usiku wa mvua, bati likipigwa na mvua hata ukuta ukitobolewa mlinzi hasikii (au hataki kusikia). Tukachomelea grili ya nondo chini ya paa, nyuma tukafyeka na kuweka taa, na meni swichi iliyokuwa nje ikahamishiwa ndani, maana mtu akishakuzimia umeme kamera zako zote ni mapambo. Kamera baadae tulifunga, chache, zina betri yake. Mlinzi kila saa anatuma picha WhatsApp, leo mlango wa nyuma, kesho mizani, naichagua mi muda uleule ili asipige zote jioni akalala. Ulinzi shirikishi wa mtaa tunachangia na tunawasalimia, wale vijana wanajua nani mgeni.

Tulipomkamata mmoja na mfuko, bosi alitaka afukuzwe palepale na akatwe mshahara wote. Nikamwambia mzee tulia, huyu akienda CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, tutamlipa sisi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka umpe nafasi ajieleze, na hata makato ya hasara yasizidi robo ya mshahara. Tukamwandikia barua, akaja na shahidi wake, akajieleza, ndo akaondoka. Polisi pia ilikuwa njia, wizi wa mtumishi upo kifungu cha 271 cha Kanuni ya Adhabu, bosi mwenyewe akaamua aache.

Kilichotusumbua mwisho ni mchele wa kufagia. Zamani aliyefagia ndo anachukua, kwa hiyo magunia yalikuwa yanachanika kila siku. Sa hivi kufagia kuna posho yake, ule mchele unapimwa unaenda kwa wafuga kuku. Walinuna sana, na magunia yakaacha kuchanika.