Siku yangu moja na makadeti, wiki ya kuchagua wa kutuzwa

Saa 11 alfajiri

Napiga pasi shati. Leo ni siku ya sare, na siwezi kumkagua kijana kola wakati yangu imekunjamana. Nilistaafu Jeshi la Nchi Kavu la Marekani nikiwa sajenti, na sasa ni mkufunzi wa JROTC katika shule ya sekondari ya umma hapa Ohio. Kwa ndugu walio nyumbani: huu ni mpango wa jeshi wa kufundisha makadeti, yaani wanafunzi wanaovaa sare, wenye mizizi katika sheria ya mwaka 1916. Uko ndani ya ratiba kama somo lingine. Wanafunzi wanajifunza uongozi, uraia, kusoma ramani na gwaride, wala hawadaiwi siku hata moja ya utumishi jeshini. Wanachopata ni alama, vyeo vya kikadeti na riboni, vile vitepe vya tuzo vinavyobandikwa kifuani.

Riboni hizo ndizo zilizoniamsha kabla ya kengele. Alasiri tunakaa kikao cha tuzo.

Saa 1 na nusu asubuhi

Ukaguzi. Viatu, nywele, mkanda. Nafika kwa kijana wa mwaka wa pili, naona kifuani ana riboni ambazo hazimo kwenye kumbukumbu zetu. Zinauzwa mtandaoni kwa dola chache tu. Namwita pembeni, maana sipendi kumwaibisha mtoto wa mtu mbele ya wenzake.

"Sajenti, kwani zinamdhuru nani?"

Namwambia kuwa moja kati ya hizo ni ya mazoezi ya viungo. Kwenye mstari wa nyuma yupo binti aliyeikosa mwaka jana, akakimbia majira yote ya baridi mpaka akaipata. Kijana anageuka kumtafuta kwa macho, kisha anazifungua mwenyewe na kuzitia mfukoni.

Wapo wanaosema hivi ni vitambaa vya kuchezea watoto. Siwezi kukubali. Nimefundisha vijana ambao hakuna mtu aliyewahi kusimama mbele ya watu akasema wamefanya vizuri. Riboni ya kwanza huwa wanaigusagusa siku nzima.

Saa 5 na nusu

Vipindi vya asubuhi vimepita salama. Wakati wa chakula makadeti kadhaa hula ofisini kwangu, na leo mmoja anauliza juu ya Nishani ya Ushujaa: je, kuna kadeti aliyewahi kuipata?

Nawasimulia Parkland, Florida. Tarehe 14 Februari 2018 watu 17 waliuawa kwa risasi katika shule ya Marjory Stoneman Douglas, na watatu kati yao walikuwa makadeti wa JROTC: Peter Wang, miaka 15, Alaina Petty na Martin Duque, miaka 14 kila mmoja. Peter alikuwa ndani ya sare hii hii, akashikilia mlango wazi ili wenzake watoke. Jeshi liliwapa wote watatu Nishani ya Ushujaa, na West Point, chuo cha maofisa wa jeshi, kikampa Peter nafasi ya heshima baada ya kifo chake.

Sahani zinabaki bila kuguswa kwa muda. Nataka waelewe kwamba nishani ile na riboni ya mahudhurio zinatoka katika mpango mmoja. Tukidanganya kwenye ndogo, tunawakosea na wale watatu.

Saa 8 na nusu alasiri

Kikao. Tupo mimi, mkufunzi mkuu ambaye ni ofisa mstaafu, mshauri wa wanafunzi na mwalimu wa hisabati. Mbele yetu kuna nishani ya Kadeti Bora, inayotolewa na Idara ya Jeshi kwa kadeti mmoja tu wa kila ngazi ya mafunzo kwa mwaka. Sharti la kwanza ni kuwa katika robo ya juu ya darasa, shuleni na kwenye JROTC pia. Kisha tunapima uongozi, nidhamu na tabia.

Ngazi ya tatu wamebaki wawili. Mvulana mwenye safu baada ya safu za riboni: gwaride, ulengaji shabaha, mbio za vikwazo. Na binti aliyezaliwa kambi ya Nyarugusu, Kigoma, wazazi wake wakiwa wakimbizi kutoka Kongo. Alama zake zimempita mvulana. Riboni zake ni chache.

Kwenye uongozi, wenzangu wawili wamempa mvulana alama nyingi. Nauliza kwa nini. "Tazama kifua chake." Hapo ndipo ninapobisha. Timu zote hufanya mazoezi baada ya masomo mpaka saa 12 jioni, na saa hizo hakuna basi la shule. Mvulana ana gari. Binti ana wadogo zake wa kuwachukua shuleni, na mama yake anafanya kazi zamu ya jioni. Kwa hiyo riboni nyingi zinatuambia nani alikuwa na nafasi ya kubaki.

Mkufunzi mkuu ananikatiza: "Tukianza kutoa nishani kwa huruma, imekufa." Anasema kweli, na ninamheshimu kwa hilo. Lakini huruma siiombi. Naomba tusome vigezo tulivyobandika ukutani mwezi Agosti. Hakuna panapotajwa idadi ya riboni. Panasemwa uongozi. Basi kila mmoja aandike ni nani aliongoza nini, na kilitokea nini.

Tunaanza upya. Mvulana aliandaa timu ya gwaride hadi mashindano ya jimbo, na hilo si dogo. Binti alipewa kikosi kilichokuwa na utoro mbaya kuliko vyote akakirudisha darasani, akiwapigia simu mmoja mmoja. Mshauri anafuta alama zake na kuziandika tena. Jina tulilokubaliana linakwenda kwa mkuu wa shule, na hadi hapo sina ruhusa ya kulitaja.

Saa 12 jioni

Nazipigia simu familia kuwaalika usiku wa tuzo mwezi Mei. Mama wa yule binti anapokea kwa wasiwasi.

"Mwalimu, mutoto amefanya mubaya?"

"Hapana, mama. Nawakaribisha wote. Mkalimani atakuwepo."

Saa 3 usiku

Naandika pendekezo la Agosti ijayo. Mazoezi ya timu yawepo pia mara moja kwa wiki ndani ya kipindi. Saa za kujitolea kanisani, msikitini au kutafsiri kliniki zihesabiwe, zikitiwa saini na mtu mzima asiye ndugu. Mabadiliko haya yatangazwe siku ya kwanza ya muhula, na yasiguswe katikati ya mwaka kwa ajili ya mtoto yeyote, hata yule ninayempenda zaidi. Nimemtumia mkufunzi mkuu. Amejibu kwamba la kwanza analikubali, la pili anataka tuliwekee kikomo cha saa. Kesho tutakaa tena.