Mabehewa yangu yalivyoacha kuachana kwenye kona

Hapa Tabora treni za kweli ziko stesheni; zangu ni za mfano, za mezani, skeli ya 1:87, yaani ndogo mara 87 kuliko za kweli. Injini ilikuwa na ndoano za kuunganishia za chapa ya Kadee, mabehewa yana vitanzi vya kizamani, havishikani kabisa. Bahati nzuri yote yana kijishimo cha NEM 362, kipimo sanifu cha tundu la kuchomekea kiungio, hivyo nilichomoa vitanzi kwa koleo nikachomeka Kadee namba 17, ile fupi.

Yakabanana, yakapendeza! Kufika kona, bafa, yaani vile visukumio vya kwenye ncha za mabehewa, zikasukumana, behewa la tatu likalala chali. Nikaweka namba 19, ndefu zaidi. Pengo linaonekana kidogo, potelea mbali.

Likabaki moja tu likiachia: ndoano yake ilining'inia chini ya wenzake. Nikasokomeza kipande chembamba cha kadi ya vocha chini ya shina lake, ikanyanyuka.