Barafu kwanza, ndipo kisu

Wiki nzima ya kazi yangu iliharibiwa na chupa moja. Nilikuwa napima amonia iliyomo kwenye utomvu wa mti wa mpira, na kila sampuli ikaja juu mno. Nikarudia siku ya pili, ya tatu. Kumbe zile chupa zilikuwa zimewahi kubeba utomvu wa kupeleka kiwandani, ambao hutiwa amonia ili usigande. Nilikuwa napima mabaki ya chupa, mti haukuhusika.

Iliniuma kwa sababu amonia ndiyo kiini cha swali langu: mti huifanyia nini? Utomvu wa Hevea brasiliensis ni matumbo ya seli zenyewe, seli zilizoungana zikawa mirija ndani ya gome. Uzungushe kwa kasi kubwa kwenye mashine iliyopozwa hadi nyuzi 4, utajitenga: mpira unaelea juu mweupe na mzito kama malai, chini kabisa kuna mashapo ya lutoidi, vifuko vidogo vyenye asidi, na katikati maji yenye kung'aa kidogo tunayoyaita serumu. Wengi hukodolea macho tabaka la juu. Mimi nalipenda la katikati, maana humo ndimo kinamokaa kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi ya kikemia, kiitwacho glutamini sinthetasi.

Hicho huikamata amonia, ambayo ikirundikana ni sumu, na kuiunganisha na asidi amino iitwayo glutameti kwa kutumia ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli. Inapatikana glutamini, na kutoka hapo nitrojeni hugawiwa asidi amino nyingine, kisha protini. Mti unazihitaji hasa. Kila unapogemwa unapoteza protini, vimeng'enya na ribosomu, yaani viwanda vidogo vya protini, vyote ndani ya kikombe. Bahati njema viini vya seli hubaki ndani, vimeng'ang'ania kuta za mirija, kwa hiyo ujenzi unaweza kuanza upya. Lakini lazima ukamilike kabla kisu hakijarudi.

Ukipaka ethefoni, dawa ya kuongeza utomvu, kwenye gome, ethilini inayotoka humo huurefusha mtiririko, na kazi ya kimeng'enya hiki hupanda. Wapo wanaosema mti umepata nguvu. Kwangu huo ni mti unaohangaika kuziba pengo, na anayeutia dawa bila kuuongezea siku za kupumzika anaukopa bila kuuliza.

Kipimo chenyewe kinapendeza. Unaweka hidroksilamini mahali pa amonia, unasubiri, unatia kloridi ya feri, na rangi ya kahawia inachanua ndani ya neli. Kadiri kimeng'enya kinavyofanya kazi ndivyo rangi inavyokolea, nami huisoma kwa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 540. Ila utomvu ukikaa kwenye joto, lutoidi hupasuka, asidi yake inamwagika, utomvu unaganda, na hakuna tena cha kupima.

Siku hizi chupa zangu ni mpya, zina alama nyekundu, na ndoo ya barafu hufika chini ya mti kabla ya mgemaji.