Konokono wa Kiangan

Basi la usiku kutoka Manila kwenda milima ya Ifugao lina baridi ambayo sijaionja hata Kinangop mwezi wa Julai. Wenyeji walipanda na blanketi, soksi na kofia za sufu. Mimi nilikuwa na leso moja. Nilimwomba kondakta apunguze kiyoyozi, akatabasamu vizuri sana, akaenda zake, na baridi ikazidi. Nauli nililipa kama mtu, nikasafirishwa kama samaki wa Kisumu anayepelekwa Nairobi.

Rafiki yangu, ambaye nilikuwa nakwenda kwao Kiangan, alikuwa amejifunika gubigubi na kukoroma tangu tulipotoka mjini. Tunafanya kazi hoteli moja Doha na tunalala chumba kimoja, kwa hiyo huko kukoroma nakujua. Nilipomuuliza kwa nini hakunionya, alisema alidhani mtu aliyezaliwa chini ya Mlima Kenya haogopi baridi. Nilimkumbusha kwamba Mwea iko chini kabisa ya mlima huo, na kule tunalia joto.

Nueva Ecija, ghala la mpunga la Ufilipino, tuliipita gizani. Jambo hilo liliniuma, maana nimekulia majarubani na shamba la mwenzangu huwa napenda kuliona. Baada ya hapo ni kona juu ya kona kupanda Dalton Pass, kisha Nueva Vizcaya, na alfajiri tukateremshwa Lagawe, makao makuu ya mkoa wa Ifugao, miguu imekufa ganzi.

Hapo Lagawe nusura nipigwe. Rafiki yangu alikwenda kutafuta kahawa, akaniacha na mizigo. Dereva wa pikipiki yenye kibanda ubavuni akaja, akanitazama juu hadi chini, akataja peso 600 mpaka Kiangan. Nikahesabu kichwani kwa riyal, kisha kwa shilingi, nikaona hata boda boda wa Nairobi usiku wa mvua hathubutu. Nikasema 200. Akacheka. Nikasema basi nitatembea, nikakaa juu ya sanduku langu. Tulikuwa tumefika 450 rafiki yangu aliporudi na vikombe viwili. Alisema maneno machache kwa Kituwali, lugha ya kwao, dereva akabadilika sura. Kumbe alisoma darasa moja na binamu yake! Wakaulizana habari za watu wote wa ukoo, waliooa na waliokufa, kahawa yangu ikapoa. Bei ikawa 150. Tulipofika akadai 50 nyingine ya sanduku. Nilizitoa, lakini nilizitoa kwa uchungu. Baadaye nikaambiwa tungesubiri kidogo tu tungepanda jeepney, matatu ya huko, na chenji ya noti hiyo ya 50 ingebaki.

Kiangan ni mji mdogo wa wakulima ambao historia imeupitia kwa vishindo. Hapa ndipo Jenerali Tomoyuki Yamashita, mkuu wa majeshi ya Japani Ufilipino, alipojisalimisha tarehe 2 Septemba 1945, baada ya kujificha kwenye milima ya jirani na watu wake wakifa njaa. Wamarekani walimpokea katika jengo la shule, kesho yake akapelekwa mji wa Baguio kutia saini. Februari 1946 akanyongwa Los Baños. Juu ya mji pamejengwa mnara mkubwa wa kumbukumbu wenye paa la mtindo wa nyumba za Waifugao. Tulipanda, tukapiga picha, mvua ikatufukuza. Wajomba wa rafiki yangu hawana hamu na jenerali mwenyewe ila na dhahabu yake. Inasemekana aliificha mahali fulani milimani, na mpaka leo wapo watu wanaochimba. Mjomba mmoja alinionyesha shimo lililoharibu kingo ya jirani yake. Dhahabu haikupatikana, kingo ikaporomoka, jirani hawasemezani.

Siku zilizofuata zilikuwa za kula na kutembelea ndugu, sina la kusimulia. Shamba ndilo lililonirudishia akili.

Nagacadan ni sehemu ya Kiangan iliyoingizwa mwaka 1995 kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, pamoja na Batad, Bangaan, Mayoyao na Hungduan. Matuta yanapanda mlima kwa safu mbili, mto ukiwa katikati. Watalii wengi wanakimbilia Batad, kwa hiyo Nagacadan utatembea na kukutana na mbwa tu. Unatembea juu ya kingo yenye upana wa nyayo mbili. Kushoto maji yanakufikia kwenye kifundo cha mguu, kulia ni hewa tupu hadi jaruba la chini, urefu wa mtu na zaidi. Bibi wa rafiki yangu alitangulia peku, akitafuna tambuu, kikapu mgongoni. Mimi nilifuata nikiwa nimeshika majani kila nilipoyaona. Aligeuka mara moja tu, akasema neno, wote wakacheka, na sikutafsiriwa.

Ulikuwa msimu wa kupandikiza. Huku mpunga wao wa asili, tinawon, huvunwa mara moja tu kwa mwaka, na miche ilikuwa imesimama majini bado michanga. Nikainama kuitazama, maana mkono wa mkulima haukai. Hapo ndipo nilipoyaona: mayai ya rangi ya waridi iliyokoza, yameshikana kama kishada kwenye bua la nyasi, kiganja kimoja juu ya maji. Mwili ulinisisimka. Mayai yale nayajua! Mama alinitumia picha yake kwa simu kutoka Mwea, akiniuliza kama huko Uarabuni nimewahi kuona kitu kama hicho. Ni ya konokono anayekula miche ya mpunga. Alithibitishwa Mwea mwaka 2020, na tangu hapo jaruba lililopandikizwa jioni unaweza kulikuta asubuhi limebaki viraka.

Nilipiga kelele. Bibi alifikiri nimeona nyoka. Rafiki yangu alipomweleza kwamba kwetu Afrika tuna mdudu huyo huyo, alinitazama kwa mara ya kwanza kama mtu mwenye akili, akatua kikapu, akaanza kunifundisha.

Alichomoa kijiti cha mwanzi kilichokuwa kimechomekwa ukingoni mwa mfereji. Nilidhani ni alama ya mpaka. Kilikuwa kimejaa mayai upande mmoja. Konokono jike hutaga nje ya maji, hutafuta kitu kilichosimama, kwa hiyo unamchomekea vijiti yeye apande mwenyewe. Bibi alikwangua mayai kwa ukucha wa kidole gumba, yakadondoka kwenye jani, akayakanyaga. Kisha akanionyesha vijifereji alivyochora kwa kisigino ndani ya jaruba. Maji yakipunguzwa, konokono wote hukimbilia humo, ukawaokota kama unaokota mahindi sakafuni. Na ukikausha jaruba ukidhani watakufa, wanajizika topeni na kusubiri miezi. Halafu bata. Wanaingizwa miche ikishashika mizizi, wanakula wale wadogo. Tuliokota mpaka kiuno changu kikakataa. Kikapu kilipojaa bibi aliniambia niendelee, maana vijana wa siku hizi wanachoka upesi.

Kinachoudhi ni kwamba konokono hawa hawakuja wenyewe. Waliletwa Ufilipino kutoka Amerika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1980 wafugwe kama chakula na biashara. Biashara haikuchangamka, wakatoroka au wakatupwa, wakaingia mashambani. Kuna watu mahali fulani walipata wazo zuri ofisini, na mwanamke wa miaka themanini ameinama kwenye tope la mlima analilipa.

Jioni nililetewa bakuli la konokono kwa tui la nazi na pilipili. Nilikula wanne kwa adabu. Ladha si mbaya, ila wanateleza.

Usiku mjomba mwenye shimo la dhahabu alinisimulia matuta. Kwa muda mrefu vitabu vilisema yana miaka zaidi ya 2,000. Wanaakiolojia wakiongozwa na Stephen Acabado, Mfilipino, wamechimba kwenye kijiji cha kale cha Kiyyangan, karibu na hapo, na wanasema mpunga wa majini ulianza baada ya Wahispania kufika visiwani, katika karne ya 17. Watu walipanda mlimani kukwepa utawala, na pale palipokuwa na magimbi wakajenga majaruba. Mjomba hapendi hesabu hiyo, anaona amepunguziwa umri. Mimi niliona amepandishwa cheo. Kujenga ngazi zote zile kwa mawe na udongo ndani ya karne chache, huku unakataa kutawaliwa, si mchezo. Majaruba yetu ya Mwea yalianza kuchimbwa miaka ya 1950 na watu waliowekwa kizuizini wakati wa Mau Mau, chini ya bunduki, kisha familia zikagawiwa ekari nne nne na masharti. Sisi tulipewa shamba na waliotufunga. Hawa walijijengea.

Na juu ya kila mlolongo wa majaruba pana msitu wa ukoo, muyong, usioguswa ovyo kwa sababu ndio unaoshika maji. Hilo nililielewa bila kuelezwa. Mto Thiba ukipungua, Mwea nzima tunatazama mlimani na kuulizana nani amekata miti.

Jambo lililonitia wivu ni urithi. Kwa Waifugao mtoto wa kwanza ndiye anayepata mashamba makubwa, awe mume au mke. Rafiki yangu ni wa kwanza. Mwanamke ninayegombana naye Doha juu ya zamu ya kufua ana mlima wake! Lakini mlima haulipi ada ya shule ya wadogo zake, kwa hiyo mshahara wa kutandika vitanda vya wageni ndio unaolipa vibarua wa kupandikiza, na vibarua wenyewe hawapatikani, vijana wako Baguio na Manila. Majaruba mawili ya juu yalikuwa yamekauka, kingo imebomoka, nyasi kiunoni. Matuta haya yaliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2001 yakatolewa 2012, lakini mjomba anasema orodha haina mikono ya kupanga mawe. Walibishana mpaka usiku wa manane kuhusu nani atakuja kuziba. Niliwaachia, nikaenda kulala.

Wakati wa kurudi nilinunua blanketi sokoni Lagawe, bei ya kitalii, nikapanda basi nimejifunika kabla halijawaka. Kutoka Manila nilimpigia mama simu. Nilimweleza vijiti, mifereji ya kisigino, kila kitu. Vijiti alivipenda, akasema kesho atamtuma mtu akate. Nilipofika kwenye bata alinyamaza kidogo.

"Bata wangapi?"

Nikamwambia hata ishirini wanatosha kuanza.

"Sawa," akasema. "Na wakiingia kwa Mama Wambui nani atakwenda kuwadai, wewe ukiwa Doha?"