Nilivyojifunza Kupanga Picha za Mandhari katika Weusi na Weupe

Kwa muda mrefu nilipiga picha za mandhari kwa rangi, kisha nikaziondoa rangi hizo kwenye kompyuta, nikitumaini kwamba picha iliyopoa ingepata uzito. Haikuwa hivyo. Iliyonizindua ilikuwa picha ya maua mekundu yaliyotapakaa kwenye nyasi: kwa macho yaliwaka kama makaa, lakini rangi zilipoondoka yalimezwa yote, kwa kuwa wekundu wa maua na kijani cha nyasi vilikuwa na mng'ao unaokaribiana, vikageuka kijivu kilekile. Nilikuwa nikipanga vitu, ilhali nilipaswa kupanga mwanga na giza.

Tangu hapo, kabla ya kuinua kamera, huyafinya macho hadi vitu vidogo vidogo vipotee, nikatafuta palipo peupe zaidi, palipo peusi zaidi, na mahali vinapokutana, kwa sababu ndipo jicho la mtazamaji linapokimbilia kwanza. Mti mweusi mbele ya kilima cheusi hauonekani. Nikisogea hatua kumi ukawa mbele ya ukungu, umbo lake lote hujitokeza, hata vitawi vya pembeni. Hatua hizo zimenifaa kuliko lenzi yoyote niliyowahi kununua.

Anga lilinisumbua zaidi, kwani buluu yake hutoka nyeupe tupu na mawingu yakapotea ndani yake. Nilipata mwanga kwa Ansel Adams, mpiga picha wa mandhari wa Marekani, ambaye mwaka 1927, akiupiga picha mwamba wa Half Dome huko Yosemite, California, aliona kwamba kichujio cha manjano, yaani kioo cha rangi kinachowekwa mbele ya lenzi, kisingempa anga alilolikusudia, akaweka chekundu kilichokolea, na anga likatoka karibu jeusi. Kichujio chekundu huzuia mwanga wa buluu, ingawa hutia giza majani pia. Kamera yangu ni ya dijitali, kwa hiyo huhifadhi faili ghafi yenye rangi zote na kuipunguza buluu baadaye, kwa kiasi, maana ukizidisha anga hujaa chembechembe. Skrini, hata hivyo, naiweka ionyeshe weusi na weupe tangu mwanzo.

Baadaye niliifungua tena faili ya yale maua, nikapandisha nyekundu na kushusha kijani. Maua yalionekana, lakini yalikuwa madoa meupe yaliyotawanyika bila mpango, kwani hakuna programu inayoweza kusogeza ua mahali pake. Nikarudi asubuhi, jua likiwa chini na likipiga kwa ubavu, nikachuchumaa hadi shina moja lenye maua matatu likasimama mbele ya kivuli cha kichaka, na nyasi zilizolala zikaelekea kwake kutoka kona ya chini ya fremu. Nilipiga picha mbili tu. Ya pili ndiyo niliyoichapisha na kuitundika ukutani.