Ugali wa ngumi moja

Wiki iliyopita nimeambiwa nina kisukari, aina ya 2. Dawa niliyopewa, metformin, nameza baada ya kula, hilo halinisumbui.

Leo asubuhi nimejitoboa kidole mwenyewe, mkono unatetemeka. Kipimo cha sukari kikasoma 8.4. Daktari anataka kabla ya kula nisizidi 7.

Mchana mama mkwe hakuuliza kitu. Akanipakulia ugali saizi ya ngumi yangu, sahani iliyobaki akaijaza mchicha na dagaa.

Kisha akajipakulia yeye vilevile.

Yeye hana kisukari. Na ugali anaupenda jamani!

Machozi yalinitoka palepale mezani.

Wenzangu mnaoishi na hali hii, asubuhi chai mnashushia na nini? Mihogo ya kuchemsha inafaa, au nayo inapandisha? Niambieni.